Ufunguo Mfupi wa Mchonga Mihuri

Barua iliyovunja uchumba ilisomwa kwanza kwa simu, na aliyeisoma ni shangazi wa bwana harusi. Sauti ya mama huyo haikuwahi kuhitaji simu ili isikike, kwa hiyo mchonga mihuri aliipata yote akiwa chumba cha mbele, ameinamia mashine yake, ingawa simu yenyewe ilikuwa sikioni mwa mkewe huko jikoni. Alisikia kazi yake ikitajwa, akasikia neno "meno", kisha akasikia "hamna haya nyie watu". Hapo akazima mashine.

Mkewe alikuwa nesi. Miaka ya wodini ilimfundisha kupokea habari mbaya bila uso kubadilika. Aliitika naam, naam, akaaga kwa adabu zote, akazima jiko, akaja kusimama mlangoni na kitambaa cha vyombo begani.

"Baba Wino," alisema, "umewaandikia nini wakwe?"

Wino ndiye binti yao wa pekee. Jina hilo lilimganda tangu utotoni, siku alipokutwa chini ya meza ya baba yake amekunywa nusu kidau cha wino wa bluu, anatabasamu kwa meno ya rangi ya sare ya shule. Sasa alikuwa mtu mzima, ndiye aliyepokea oda za duka na kujibu barua pepe, na wiki iliyokuwa inakuja ndiyo ilikuwa ya harusi yake. Alitoka chumbani kichwa kimesukwa nusu, nusu bado, akawakuta wazazi wake wanatazamana kama majogoo.

Barua ilikuwa imetumwa kwenye anwani ya duka la vifaa vya ujenzi la ukoo wa bwana harusi, na shangazi, ambaye hakupenda kuumia peke yake, alikwisha kuisambaza kwa kila ndugu mwenye simu. Wino akaifungua. Ilitoka kwenye anwani ya baba yake, ile ile ya duka, na ilisema hivi:

"Wakwe tarajiwa, salamu. Nimetafakari nikaona binti yangu hawezi kuingia katika ukoo ambao baba mkubwa anachokonoa meno kwa kadi ya benki mbele ya wageni, shangazi anaongea kama spika ya kutangaza aliyepotea, na mama mkwe anatabasamu kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Harusi haipo. Msitutafute. Mchonga Mihuri."

Mchonga mihuri alisema hakuiandika. Alilisema hilo kwa upole, kisha kwa ukali, kisha kwa kiapo, na kila aliporudia ndivyo alivyozidi kufanana na mtu aliyeiandika. Shida yake ni kwamba maneno yalikuwa yake. Tangu siku ya utambulisho, kila walipokaa kula alikuwa akiwaigiza wakwe. Alikuwa akitoa kadi yake mwenyewe mfukoni na kuonyesha jinsi baba mkubwa wa kijana alivyoipeleka mpaka kwenye gego la mwisho, akaikagua, akairudisha kwenye pochi pamoja na alichokipata. Mkewe alikuwa akimkanya huku ameshika mbavu. Leo mbavu zilikuwa zimetulia.

Nesi akamhoji kama anavyohojiwa mgonjwa anayeficha alichokunywa. La meno, hakulisema? Alilisema. La spika? Alilisema, tena yeye mkewe alicheka mpaka chai ikampalia. La picha ya kitambulisho?

Mchonga mihuri akaichukua simu, akalisoma upya, akatafakari kama fundi anayetazama kazi ya fundi mwenzake.

"Hilo si langu," alisema. "Ningetamani liwe langu, maana ni zuri. Lakini sikulisema."

Nesi akajibu kwamba walevi nao hukubali chupa mbili wakaikana ya tatu. Wino alirudi chumbani, akamwambia msusi aache nywele hapo zilipofika.

Neno la picha ya kitambulisho lilikuwa lake. Alilitunga kwenye benchi nje ya duka la miwani, siku alipomsindikiza mchumba wake kuchukua miwani mpya. Alikuwa anamsimulia vituko vya baba yake, kijana anacheka mpaka machozi, na vituko vilipomwishia akaongeza kimoja cha kwake akakitia kinywani mwa baba, kama mpishi anayeongeza maji kwenye mchuzi wageni wanapozidi. Hakuwahi kukirudia kwa mtu mwingine yeyote.

*

Mchumba alifika mchana, kompyuta kwapani, shati limenyooshwa. Yeye ndiye aliyetunza kompyuta zote za duka la ukoo, na mchonga mihuri, ambaye hakuweza kumwona mtu bila kumbatiza, alimwita Bwana Nenosiri. Alikuwa kijana mpole, wa kusema samahani kwa kiti alichojikwaa.

Aliwasalimia wakubwa, akakubali chai, akaomba radhi kwa kilichomleta. Kisha akafungua kompyuta, akawaonyesha mistari mingi ya herufi zisizosomeka ambayo kila barua pepe huibeba mgongoni bila mtu kuiona. Akawaeleza kwamba barua ikitoka kwenye anwani ya duka la mihuri hupigwa sahihi ya siri, na ufunguo wa sahihi hiyo uko kwao tu. Anayepokea huikagua. Ikiwa barua ni ya kughushi, sahihi hugoma. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja: imepita.

"Mzee, mimi nisingependa," alisema. "Lakini ushahidi ndio huu. Barua imetoka kwenu."

Maisha yote ya mchonga mihuri yalikuwa yamejengwa juu ya jambo hilo hilo. Hakuna muhuri wa ofisi aliouchonga bila barua ya kibali, hata mtu aje analia, hata aje na bosi wake kwenye simu. Kila mteja mpya alimwambia neno moja, kwamba muhuri hausemi uongo, husema uongo aliyeushika. Leo muhuri ulikuwa unamsema yeye, na mkewe alikuwa anamtazama kwa jicho la wodini.

Wino alimsindikiza mchumba wake mpaka getini. Kijana akamwambia hana kinyongo naye hata kidogo, kwamba labda ni ishara, labda waache mambo yapoe, na kwamba yeye asijilaumu. Alikuwa anamfariji vizuri sana. Wino akaona kwamba anafarijiwa kama mtu anavyomfariji jirani, kwa msiba usiomhusu mfariji. Alikuwa na swali mdomoni akalimeza. Kuna maswali mtu huogopa kuyauliza kwa sababu jibu analo tayari.

*

Siku zilizofuata zilikuwa za aibu ndogondogo. Aibu kubwa mtu huweza kuibeba kichwani, hizi ndogo huingia ndani ya viatu. Fundi cherehani alipiga simu kuuliza kama aendelee na gauni au asubiri, na kama ni kusubiri, asubiri akiwa ameshona mkono mmoja au mikono yote. Msusi alimtaka Wino aamue kama nusu iliyobaki anasuka ya bibi harusi au ya kawaida, kwa sababu haziendani. Jirani wa upande wa pili, ambaye hakuwahi kuazima chochote, alikuja kuazima chumvi na kukaa.

Nesi alikuwa na ushauri mmoja, akautoa kila mlo kama dozi. Mumewe aombe msamaha, awe ameandika au hakuandika. Kuomba msamaha hakuui mtu, yeye ameona vinavyoua. Wakwe waliitisha kikao, na huko ndiko pa kuyamaliza. Na kama ana mpango wa kusema barua imeghushiwa, afikirie mara mbili. Shule, zahanati na ofisi za mawakili zote zilimtumia vibali vyao kwa barua pepe, naye akawarudishia michoro ya mihuri kwa njia hiyo hiyo.

"Ukisema barua yako inaghushika, umelifunga duka kwa mkono wako," alimwambia. "Ukisema haighushiki, basi mwandishi ni wewe. Chagua kimoja ukae nacho."

Mchonga mihuri akasema atachagua cha tatu. Mkewe akamuuliza cha tatu ni kipi. Akasema bado anakitafuta.

Wino ndiye aliyekipata, tena kwa simu. Aliipigia kampuni iliyowahifadhia barua pepe, akasikiliza muziki wa kusubirisha mpaka akaujua, na mwishowe akajibiwa na mwanamke mwenye mafua mazito. Alimweleza yote bila kuficha, hata la meno. Yule mwanamke akacheka, akakohoa, akaomba radhi, akabonyeza vitu upande wake.

"Dada," alisema, "urefu wa ufunguo wenu ni biti mia tano na kumi na mbili."

Wino akauliza kama hizo ni nyingi.

"Kwa sanduku la nguo zinatosha. Kwa barua, hapana. Siku hizi watu wanaweka elfu mbili na arobaini na nane."

Akamfafanulia polepole, akipenga kamasi katikati. Ufunguo una nusu mbili. Nusu moja hubaki siri, nyingine huanikwa hadharani ili kila apokeaye barua aweze kuikagua sahihi. Ile ya hadharani ni namba moja ndefu, iliyozaliwa na namba mbili zilizozidishwa. Atakayewajua hao wazazi wawili ameishika kalamu yenu, na atapiga sahihi yenu mpaka achoke. Namba ikiwa ndefu vya kutosha, kompyuta za dunia nzima zitazeeka zikiwatafuta. Ikiwa fupi kama yenu, mtu anakodi kompyuta mahali, anaziachia kazi, anaenda kutembea, akirudi anakuta zimemaliza.

Wino akakumbuka. Siku anwani ilipofunguliwa, fundi wa tovuti alileta ufunguo mrefu, na kisanduku cha kuuandikia kikaukata mkia kila walipoubandika. Fundi akamuuliza mzee wafanyeje. Baba yake, akiwa na wateja mlangoni, alisema weka unaoenea.

"Kuna kitu kingine hakiniingii akilini," mwanamke wa mafua akaendelea. "Kampuni kubwa za barua pepe zinaukataa ufunguo mfupi hivi. Kwao sahihi kama hii ni sawa na hakuna. Hiyo seva, kompyuta ya kupokelea barua, iliyosema imepita ni ya nani?"

Wino akasema ni ya duka moja la vifaa vya ujenzi.

"Basi mwulizeni anayeitunza. Ama amesinzia, ama ameulegeza mlango makusudi."

Alishukuru, akakata simu, akaingia stoo katikati ya maboksi ya mpira na vishikio vya mbao. Alilia kidogo, kwa hasira zaidi ya huzuni, kisha akajifuta kwa karatasi ya kujaribia mihuri iliyokuwa karibu. Alipotoka alikuwa na neno IMEPOKELEWA shavuni, kwa wino mwekundu, limegeuka nyuma mbele.

Wazazi wake walikuwa mezani. Aliwaeleza habari za ufunguo, akaacha habari za seva. Alitaka kijana apewe nafasi ya kusema mwenyewe, na nafasi hiyo aliiwekea mpaka siku ya kikao.

"Kwa kifupi, baba," alimalizia, "shida ni kwamba ufunguo wako ni mfupi."

Nesi akakohoa. Mchonga mihuri akauliza mfupi kiasi gani. Wino akasema mfupi kuliko unaotakiwa, watu walikwisha kuhama huko zamani. Baba yake akasema, kwa uchungu wa kweli, kwamba hakuna aliyewahi kumlalamikia. Nesi akainuka na kitambaa chake mdomoni akaenda uani, akakaa huko mpaka mabega yalipoacha kutikisika. Ndicho kicheko cha kwanza katika nyumba hiyo tangu ile simu ya shangazi, na aliporudi alimmiminia mumewe chai bila kuombwa.

*

Sebule ya wakwe ilikuwa na makochi ambayo bado yamevikwa nailoni ya kiwandani. Waliokaa juu yake walipiga kelele kila walipojigeuza. Mchonga mihuri aliletewa kiti cha plastiki kutoka uani, chenye mguu mmoja unaokunja goti, na ikambidi kikao kizima aegemee upande mmoja kama mtu anayesikiliza siri. Maji yalipita kwa kila mtu, yakaruka watatu.

Shangazi ndiye aliyeongoza. Baba mkubwa alikuwa amekaa pembeni yake, mikono yote miwili juu ya magoti mahali inapoonekana. Mama mkwe alikuwa kwenye kona, na hakutabasamu. Hakuwa ametabasamu tangu barua isomwe. Bwana Nenosiri alikaa karibu na dirisha na kompyuta yake mapajani kama mtoto wa kulea.

Barua ikasomwa tena, yote, kwa sauti ile. Kisha shangazi akasema wao si watu wa makuu, wanataka neno moja tu la msamaha, mbele ya wote, na baada ya hapo wataangalia kama kuna harusi au hakuna. Nesi alimgusa mumewe kiwiko. Lilikuwa jambo jepesi. Neno moja, duka linapona, binti anaolewa, mtu anarudi nyumbani na aibu ambayo si yake lakini haina harufu.

Mchonga mihuri akainuka. Kiti kikamfuata kidogo, kikaanguka.

"Hii barua sikuiandika," alisema. "La meno nililisema, mezani kwangu. La spika pia. Nilikula chakula chenu nikaenda kuwacheka nyumbani, na hilo nawaomba radhi, ni langu. La tatu si langu na siliombei radhi."

Kilichobaki ndicho kilichokuwa kigumu, kwa sababu baba mkubwa pale mbele yake ndiye aliyemletea mihuri yote ya duka lao, na shangazi alijua kila mwenye duka katika mtaa ule.

"Na barua imeghushika kwa sababu ufunguo wa barua zangu ni mfupi. Nilipewa mrefu, nikakubali mfupi kwa kuwa ndio ulioenea. Mimi, mwenye kazi hii. Anayetaka kupeleka mihuri yake kwingine, apeleke, sitamlaumu."

Nesi hakumgusa kiwiko tena. Alikiokota kiti, akakisimamisha, akakishikilia ili mumewe akae.

Shangazi akamgeukia mpwa wake na kumuuliza kama jambo hilo linawezekana. Kijana akasema kinadharia kila kitu kinawezekana. Wino akamuuliza kama aliangalia urefu wa ufunguo siku ile alipokuja kwao. Akasema programu husema imepita au haikupita, basi. Wino akasema kampuni kubwa za barua pepe zinaukataa ufunguo wa namna ile, lakini seva ya duka lao imeukubali, na akauliza ni nani anayeitunza. Watu wote walijua anayeitunza. Nailoni ikalia sebule nzima. Bwana Nenosiri akainua glasi yake akanywa, na glasi ilikuwa tupu.

"La picha ya kitambulisho ulilisikia wapi?" Wino alimuuliza.

"Kwa baba yako. Ulinisimulia."

"Baba hajawahi kulisema. Nililitunga mimi, pale nje ya duka la miwani. Nilikwambia wewe tu."

Kijana alivua miwani. Bila miwani alionekana mdogo kuliko umri wake, na pengine hakuwa anawaona, na pengine ndiyo sababu aliivua. Aliongea akiitazama sakafu. Alisema ukumbi ulichaguliwa, suti ikachaguliwa, rangi za wasindikizaji zikachaguliwa, na kila alipotaka kusema jambo shangazi alikuwa ameshalipia jambo jingine. Alisema siku moja aliuona ule ufunguo kwa bahati, akaona jinsi ulivyo mfupi, na kuanzia hapo hakulala vizuri. Alikodi kompyuta. Alijiambia anajaribu tu.

"Nilitaka ivunjike bila mimi kuivunja," alisema.

Shangazi akamuuliza, kwa sauti ya chini ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo, kama anamchukia huyu msichana. Akasema hapana. Akamuuliza kama kuna mwingine. Akasema hakuna. Basi ni nini? Akasema hajui, ila kila akifikiria siku ile anahisi kama anavaa nguo ya mtu. Baba mkubwa alicheka, akakosa mwenzake, akaacha.

Ndipo mama mkwe akaongea kutoka kwenye kona yake. Hakuongea na mwanawe.

"Kwa hiyo lile la tabasamu ni lako, mwanangu."

Wino akasema ni lake.

"Meno yangu ya mbele ni ya bandia," alisema yule mama. "Hayajakaa sawa. Nikifungua mdomo sana yanashuka. Ndiyo maana."

Wino alikuwa amekuja akiwa mdai. Alijiandaa kwa uongo wa mchumba wake, kwa shangazi, hata kwa kulia, lakini hakujiandaa kwa hili. Alivuka sebule, akapiga magoti mbele ya yule mama, akaomba radhi kwa maneno ambayo hakuna mwingine aliyeyasikia. Mama mkwe akamshika kichwa, upande ule ambao haujasukwa, akamwambia ainuke, yamekwisha.

Shangazi alikuwa wa kwanza kupona. Akasema kijana amekosa na amekiri, wazee wapo, ukumbi upo, wapishi wapo, na vijana wote huogopa, yeye haoni kwa nini harusi isiendelee. Alikuwa ameanza kupanga nani amwambie nani. Nesi akachukua mkoba wake, akausimamisha mapajani, akaufunga zipu polepole mpaka mwisho.

"Sisi tunaenda nyumbani," alisema, na wakaenda.

*

Ufunguo mpya uliwekwa na fundi yule yule wa tovuti. Alikuja na aibu yake, akaonyesha kwamba mrefu huweza kukatwa vipande viwili, kila kipande kikafungwa alama zake za kunukuu, na kisanduku kikavipokea vyote viwili bila ugomvi. Mchonga mihuri akamuuliza kama hilo liliwezekana tangu siku ile ya kwanza. Fundi akasema liliwezekana, ila hakulijua. Mzee akamtazama, akataka kumpa jina, akaghairi. Yeye ndiye aliyesema weka unaoenea.

Aliwaandikia wateja wote, yeye mwenyewe, kwamba ufunguo wa barua zake ulikuwa mfupi, kwamba uliwahi kutumiwa na asiyehusika, na kwamba sasa umebadilishwa. Nesi aliisoma barua kabla haijatumwa, akasahihisha koma moja, akasema itume. Ofisi moja ya mawakili iliondoka kwa barua ya heshima nyingi. Zahanati ya mifugo ikauliza kama muhuri wao umekwisha kuchongwa. Wengine hawakuisoma. Baba mkubwa alikuja mwenyewe na oda ya duka lao, akasimama mbele ya kaunta muda mrefu, akalipa kwa pesa taslimu.

Wino alibaki na kazi ya kuwaambia watu. Alimwambia fundi cherehani aache gauni lilivyo, mkono mmoja, atakuja kulichukua. Alimwambia msusi asuke za kawaida. Alimsikiliza jirani mpaka akairudisha chumvi. Kila mtu alimpa pole, na pole zote zilikuwa za binti aliyeachwa, ingawa hakuna aliyejua hasa nani alimwacha nani. Hata yeye hakujua. Kulikuwa na barua iliyosema baba amekataa, na baba hakukataa. Kulikuwa na kikao kilichosema kijana aliogopa, na kuogopa si jibu.

Bwana Nenosiri alikuja siku ya kazi, duka likiwa limetulia. Hakuingia. Alisimama nje ya kaunta kama mteja, akaanza maelezo marefu: jinsi alivyokosa usingizi, jinsi alivyofuta kila kitu, jinsi alivyomwandikia barua ya kuomba radhi mara nyingi na kuzifuta zote.

"Usiandike," Wino alimkatiza. "Sema. Hujaniambia hata siku moja."

Akauliza aseme nini. Wino akamwambia anajua.

Alishika ukingo wa kaunta. Pikipiki ilipita, akasubiri ipite. Mtu akapita na ngazi begani, akasubiri naye apite. Kisha akamtazama usoni, miwani ikiwa mahali pake, na hakukuwa tena na kitu cha kusubiri.

"Sitaki kukuoa," alisema.

Wino alikuwa amefikiri itauma kidogo, kwa kuwa habari yenyewe ilikwisha kuwa ya zamani. Iliuma kuliko ile barua, kuliko kikao, kuliko pole zote za mtaa. Kisha akaitikia kwa kichwa, akamwambia asante, na alikuwa na maana hiyo hasa. Kijana akasubiri kidogo, kana kwamba kuna kitu cha kutia saini, akaondoka kwa miguu, upande wa kivuli.

Kutoka ndani baba yake akazima mashine na kuuliza ni nani aliyekuwa pale.

"Mteja," Wino alisema. "Nimeshamhudumia."

Akavuta oda ya kwanza iliyokuwa juu ya kaunta, akaanza kuisoma.